Mama Mkubwa Anakunywa Petroli

Kwa miaka kumi na tisa Babu Kitambaa alitembea na miwani asiyoihitaji. Macho yake yalikuwa mazima. Sisimizi akipita juu ya boneti, alimwona akiwa mlangoni. Miwani ilikuwa ya kusahau tu. Mtu akimpa karatasi, alijipapasa mifuko, akasema, "Ah, miwani nimeiacha nyumbani. Hebu nisomee." Siku ambazo miwani ilichungulia mfukoni, alisema kioo kimoja kimepasuka. Na kweli kilikuwa kimepasuka. Alikipasua mwenyewe kwa kijiko, mkewe akicheka mpaka akashika mbavu.

Hakujua kusoma. Darasani alikaa siku nne. Siku ya tano baba yake alimpeleka machimboni kuvunja kokoto, na huko akabaki mpaka akaota ndevu. Baadaye aliosha malori kwenye gereji. Kisha nyumba moja ya kuuza magari ya kifahari ikatafuta mtu wa mikono myepesi, asiyekwaruza kitu. Wakampa kitambaa. Jina likafuata.

Kazi yake ilikuwa kuyaosha magari, kuyafuta, kuyatia mafuta yanapotaka kutoka, na kuyasogeza uani hatua chache. Barabarani hakuwahi kuendesha. Leseni ina mtihani, na mtihani una karatasi.

Nyumba ile iliuza magari ya kampuni moja tu, aina tano. Wenyewe waliyatofautisha kwa herufi na namba zilizobandikwa nyuma, za kung'aa kama meno ya dhahabu. Kwa Babu zilikuwa mikwaruzo tu. Angekwama siku ya kwanza kama si mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Ni yeye peke yake aliyeijua siri ile. Gari jipya likifika, Babu alikwenda nyumbani akamsimulia lilivyo, naye, bila kuondoa mguu kwenye cherehani, akalipa jina.

La kwanza kabisa kuletwa lilikuwa la chini, refu, la watu watano, la kunywa petroli.

"Huyo mama mkubwa," mke alisema. "Kazaliwa wa kwanza."

Likaja la pili. La juu, pana, lenye viti safu tatu, la dizeli.

"Huyo mama mdogo."

"Mbona kamzidi dada yake mwili?"

"Kwani mama yangu mdogo hakuwa na mwili? Si ulikuwa unamwona anavyopita mlangoni kwa ubavu? Udogo ni wa kuzaliwa, bwana. Haupimwi kwa mizani."

Lile dogo la vijana likawa Kitinda Mimba. Lile kubwa mno, lenye viti vya ngozi vya kumkanda mtu mgongo, lililokuja mara moja kwa mwaka na kila mtu akajipanga kulipokea, likawa Mjomba. Mwisho likaja la umeme. Babu alisema halina sauti, halina moshi, halitaki mafuta.

"Hasemi, haguni, na mbele za watu hali," mke alisema. "Huyo mkwe."

Majina yakaenea. Wauzaji waliyapenda, mafundi wakayashika, hata Bosi, mama mkali wa viatu virefu aliyeiendesha nyumba ile, alisimama ukumbini akaita, "Mzee, nitolee mjomba!" Hakuna aliyejua kwamba ule haukuwa utani bali ni fimbo ya kipofu.

Mke hakuishia hapo. Kwenye tundu la kila ufunguo alifunga uzi. Mwekundu kwa magari ya petroli, mweusi kwa ya dizeli. Stoo ya mafuta ilikuwa na madumu mekundu na madumu meusi. Wekundu kwa wekundu, weusi kwa weusi. Miaka kumi na tisa, na hakuna gari lililokohoa.

Kisha aliyekohoa akawa ni mke.

Alikohoa, akavimba miguu, wakaenda hospitali. Siku waliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari alimwekea Babu karatasi mkononi, akasema maneno ya haraka, akaitwa kwingine. Mke alikuwa amejilaza kwenye benchi, hata kope zilimshinda. Babu akaikunja karatasi, akasema ahsante. Nyumbani alitaka amwombe mkewe asome, akaona anamsumbua. Akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Siku ya sita, alfajiri, mke alikata roho mlangoni mwa hospitali ileile.

Miezi mitano ikapita. Karatasi ilikaa kwenye mfuko wa shati, nyuma ya miwani. Akifua shati, aliitoa. Shati likikauka, aliirudisha. Alidhani ndani yake kuna siku ya kurudi. Na alidhani siku hiyo ilikuwa imeshapita wakati yeye anasema kesho. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, hivi hospitali waliwaambia nini mlipotoka?"

"Walisema apumzike."

"Basi?"

"Basi."

Kumpa mtu karatasi ile kungekuwa kusema mambo mawili kwa mpigo: kwamba hajui kusoma, na kwamba huenda amemuua mkewe kwa kutojua kusoma. La kwanza lingemtoa kazini. La pili hakulitamka hata moyoni. Hivyo akafunga mdomo, akafuta magari.

Ndipo yakaja magari mapya.

Kampuni ilikuwa imebadilisha sura za wote watano. Yaliletwa juu ya lori refu, yamefunikwa turubai jeupe, na pamoja nayo hazikuja funguo. Zilikuja kadi. Nyembamba, laini, nyeusi, zote sawa kama karata zilizolala kifudifudi. Babu alizigeuza na kuzigeuza. Hazikuwa na tundu. Pa kufunga uzi hapakuwepo, na wa kufunga hakuwepo.

"Nzuri, eh?" alisema muuzaji mpya, kijana mwenye watoto wawili na tai shingoni hata jua likiwaka. Walimwita Tai. "Unaipitisha tu mlangoni, gari linafunguka."

"Nzuri," Babu akasema.

Ubaya zaidi ulikuwa kwa wale ndugu wawili. Kitinda Mimba alitambulika hata chini ya turubai kwa ufupi wake, Mjomba kwa urefu wake, Mkwe kwa waya uliochomekwa ukutani. Lakini mama mkubwa mpya alikuwa ameinuliwa juu kidogo, kama wanavyotaka watu wa siku hizi, na mama mdogo ameshushwa chini kidogo. Walisimama uani sambamba, weupe watupu, kama maiti wawili waliovishwa sanda.

Asubuhi ya Alhamisi Bosi akamwita.

"Mzee, saa tano anakuja mteja. Mkunga mstaafu, watoto wake wanamnunulia gari. Mama ana maswali huyo! Anataka kulinganisha. Mama mkubwa na mama mdogo, wote wawili atawajaribu barabarani. Watie mafuta, lita ishirini ishirini. Na turubai mtu asifunue. Nataka nifunue mimi mbele yake."

"Sawa, Bosi."

Alikwenda uani na dumu jekundu mkono huu, jeusi mkono huu. Akasimama katikati ya wale wawili. Turubai lilikuwa na zipu ubavuni, penye kifuniko cha tangi. Akafungua ya kwanza, akabonyeza kifuniko, akainamisha pua. Siku nyingine yoyote pua ingemwambia. Lakini wiki ile alikuwa na mafua, pua imeziba kama chupa. Akaona maandishi upande wa ndani wa kifuniko. Herufi nene, nyeupe. Akaziangalia. Nazo zikamwangalia.

Akafunga. Hapo Tai akapita, simu sikioni.

"We Tai," Babu akaita, akijifanya mwepesi. "Hivi huyu ni mama mkubwa au mama mdogo? Hii sanda yenu imenichanganya."

Tai akageuka, akapima kwa macho. Lile la kulia lilikuwa limezidi upana kiganja kimoja hivi.

"Huyo wa kulia mama mkubwa, Babu. Huoni mwili huo? Wa kushoto ndiye mdogo." Akaenda zake, akicheka na simu.

Babu akashusha pumzi, lile neno "mwili" likampita. Akaweka faneli, akamimina jekundu kulia, jeusi kushoto. Akafunga zipu. Akaosha mikono mara mbili, akamshukuru Mungu kimyakimya.

Mkunga alifika saa tano kasoro, na binti yake. Mama mfupi, mwenye mkoba mkubwa na miwani ya kweli. Bosi alimzungusha ukumbini akimsomea tableti: nguvu kadhaa, spika kadhaa, kamera kadhaa. Mama akasikiliza mpaka akachoka. Akamwona Babu akipangusa kioo cha Mjomba.

"Wewe baba. Wewe ndiye unayeyagusa kila siku. Hebu niambie ukweli, hawa wanatofautiana nini?"

Babu akamtazama Bosi. Bosi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa: sema.

"Mama, mimi najua ya mikono tu," Babu akaanza. "Huyu Kitinda Mimba, mwepesi, anageukia hata jikoni. Lakini kuingia ndani yake ni kama kuingia kisimani. Una magoti?"

"Nina magoti ya miaka arobaini ya kusimama leba."

"Basi mwache. Huyu Mjomba, mlango wake unajifunga wenyewe, taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Kiti kinakukanda. Ila akiegeshwa anataka nafasi ya wawili, na akikwaruzwa utalia kama umefiwa." Akasita kidogo kwa neno lile. "Yule pale penye waya ni Mkwe. Hana kelele kabisa. Mimi mara ya kwanza alinirudia nyuma nikaruka, sikumsikia. Ndani yake unasikia mpaka saa yako ya mkononi."

"Na huko nje?"

"Huko nje ni ndugu wawili. Mama mkubwa mtulivu, chini, wa watu wazima. Mama mdogo ana nafasi, watoto, wajukuu, magunia, wote wanaingia. Akipanda mlima hapumui hata."

Binti akacheka. "Mama, umeelewa zaidi ya tableti."

"Nimeelewa yote," mama akasema. "Huyo wa wajukuu nimjaribu kwanza."

Wakaenda uani. Babu hakuwafuata, alibaki akifuta alama za vidole. Alisikia turubai likivutwa, Bosi akisema "tazameni!", milango ikifungwa, injini ikiwaka. Ikatoka getini. Sauti ilikuwa na kitu. Kitu kidogo, kama kijiko ndani ya kabati. Akajiambia ni mafua, yameziba hata masikio.

Wote watatu walikuwa wameondoka, mkunga kwenye usukani, Bosi ubavuni mwake, binti nyuma. Njia ya majaribio ilikuwa ileile siku zote: barabara kuu, kisha mlima wenye kona, mzunguko wa juu, kurudi.

"Babu, njoo tumwandae wa pili," Tai akaita.

Wakalivua turubai la gari lililobaki. Tai akapitisha kadi, milango ikafunguka. Babu akaingiza kichwa na kitambaa chake kufuta viti. Akafuta safu ya mbele. Akafuta safu ya pili. Akanyoosha mkono kwenda safu ya tatu.

Mkono ukagonga ukuta wa buti.

Akahesabu tena. Mbili. Hakuna safu ya tatu.

"Tai," akasema, na sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka mbali. "Huyu ni nani?"

"Mama mdogo."

"Mama mdogo ana safu tatu."

"Aa, safu tatu ni yule aliyetoka. Mama mkubwa. Yule mnene."

"Mama mkubwa ni aliyezaliwa kwanza! Mama mkubwa ni huyu! Wa watu watano, wa petroli!"

Tai akamkodolea macho. "Mimi nilijua mkubwa ni... ni mkubwa."

"Mwili? Tai, mama yako mkubwa ulimpima kwa mwili?"

"Mimi mama yangu hana dada, Babu."

Walitazamana. Kitambaa kilimdondoka Babu, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kukiona kitambaa kile chini. Petroli ilikuwa imeingia kwenye tumbo la dizeli, nalo lilikuwa linapanda mlima na wanawake watatu ndani, kona upande huu, malori ya mchanga upande huu. Lingeweza kuzima popote. Usukani ungekuwa mzito kama mwamba.

Tai alikuwa ameshatoa simu. Ikaita, ikaita. Bosi akiwa na mteja huizima sauti. Ilikuwa sheria yake mwenyewe. Akapiga tena. Hakuna.

"Twende na Mkwe," Tai akasema, tayari anakimbia. "Ndiye pekee asiyehitaji mafuta!"

Wakatoka getini bila mlio. Ndilo lililomtisha Babu kuliko yote, ule ukimya. Katika gari jingine lolote injini ingekuwa inapiga kelele pamoja na moyo wake. Ndani ya Mkwe moyo ulipiga peke yake. Miti ilipita. Nyumba zikapita. Alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili.

"Lakini Babu," Tai akasema, macho barabarani, "pale kwenye kifuniko si pameandikwa dizeli? Kubwa hivi! Hukusoma?"

Mkono wa Babu ukaenda mfukoni wenyewe. "Sikuwa na miwani."

"Miwani si hiyo hapo?"

"Imepasuka."

Kona ya kwanza. Hakuna gari. Kona ya pili, lori likashuka, likawapiga upepo wakayumba.

"Sikiliza," Tai akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba Bosi yuko kiti cha nyuma. "Mimi ndiyo kwanza wiki ya tatu hapa. Nina watoto. Wewe una miaka yako. Tuseme ni yule anayetuletea madumu. Alijaza petroli kwenye dumu jeusi. Nani atabisha? Wewe hutaulizwa kitu, mimi sitaulizwa kitu."

Babu alimwona akilini mleta madumu, mtu mnyamavu wa kofia ya sufu, ambaye kila Jumatatu husalimia, hupakua, huondoka. Alimwona anaitwa ofisini. Kisha akaona miwani yake inabaki mfukoni na karatasi nyuma yake, na maisha yanaendelea kama jana. Ilikuwa rahisi sana. Hata kusema hakuhitajika. Kunyamaza tu, kama alivyonyamaza mbele ya daktari.

Kona ya nne waliwaona.

Mama mdogo alikuwa amesimama nusu juu ya nyasi, nusu barabarani, taa za dharura zikipepesa. Lori nyuma yake lilikuwa linapiga honi ndefu. Kwa nukta kadhaa Babu hakuona mtu, na nukta zile zilimzeesha kuliko miezi mitano. Kisha akauona mkoba. Kisha viatu virefu. Wote watatu walikuwa ng'ambo ya reli ya pembeni, wamesimama kwenye majani, wazima.

Tai alimfungulia mlango.

"Nani?" Bosi alikuwa anatetemeka, na kutetemeka kulimkasirisha zaidi. "Nani ametia nini humu ndani? Gari jipya! Kwenye kona! Lori limetukosa hivi!"

"Mimi nilisikia linagonga," mkunga akasema kwa utulivu, akijipepea na mkoba. "Nikamwambia huyu mama, hapana, nazima. Yeye ananiambia endelea tu. Mtoto akikaa vibaya humwambii mzazi aendelee kusukuma."

"Nauliza, nani?"

Tai akawahi. "Bosi, nafikiri ni yule wa madumu..."

"Ni mimi," Babu akasema.

Bosi akageuka.

"Nimetia petroli. Na yule aliyebaki nimemtia dizeli, asiwashwe. Aliyeniambia yupi ni yupi alikosea jina, si kosa lake. Lakini kwenye kifuniko pameandikwa."

"Pameandikwa! Kwa hiyo uliona?"

"Niliyaona maandishi. Sijui kusoma."

Lori lilikuwa limepita. Taa zikasema ti, ti, ti.

"Unasema nini, Mzee? Miaka yote hii? Na zile fomu? Si unatia saini?"

"Najua kuchora jina langu. Fomu nilikuwa naenda nazo nyumbani. Mke wangu ndiye alikuwa ananisomea." Akaitoa miwani mfukoni, akamwonyesha ufa. "Hii niliipasua mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Babu alisimama pale, mikono imening'inia, akasubiri aambiwe aende zake. Hakuambiwa. Bosi alimpa kisogo, akapiga simu kuita gari la kuvuta, na sauti yake simuni ilipasuka mara mbili.

Siku tatu alikaa nyumbani akisubiri. Cherehani ilikuwa pale imefunikwa. Hakulala vizuri, hakula vizuri. Binti yake alipopiga simu Jumapili alisema hajambo. Siku ya nne akaitwa.

Bosi hakumkaribisha kiti. Alisema fundi amelishusha tangi, pampu imepona kwa sababu gari lilizimwa mapema. Yule wa pili hakuwa amewashwa, amekaushwa tu. Alisema mengine mengi, na mengine yalimchoma. Mwisho akasema, "Madumu hutayagusa tena. Kadi atashika Tai. Stoo utamkabidhi funguo leo." Akapangapanga kalamu mezani. "Kitambaa baki nacho. Na yale majina ya ukoo, kaa na Tai umfundishe vizuri nani kazaliwa na nani. Aandike, abandike ukutani. Sitaki kusikia tena habari ya mwili."

"Ahsante, Bosi."

"Usinishukuru. Nimeota ile kona kila siku."

Hata Babu alikuwa anaiota.

Wiki iliyofuata mkunga alirudi. Hakutaka tena kujaribu ndugu wawili. Alimwelekezea Mkwe kidole.

"Huyu. Hali kitu, hakuna wa kumkosea chakula."

Wauzaji wote waliangua kicheko, Tai akainamisha kichwa. Wakaenda ndani kuandaa karatasi. Mama akakaa kwenye kiti cha mbele cha gari lake, mlango wazi, miguu nje, akisubiri. Babu alikuwa anafuta taa.

Hofu moja ilikuwa imebaki, na ilikuwa kubwa kuliko ya mlimani. Mlimani alijua anachokwenda kukuta. Alifuta taa ya kulia. Alifuta ya kushoto. Akarudi ya kulia.

"Baba, hiyo sasa itatoboka," mama akasema.

Akakiweka kitambaa begani. Akatoa miwani, akatoa karatasi nyuma yake. Ilikuwa imelainika kwenye mikunjo kama kitambaa chenyewe.

"Mama, wewe maandishi ya madaktari unayaweza?"

"Nimeyasoma miaka arobaini."

"Nisomee hii. Walinipa hospitali, siku ya kumtoa mke wangu. Yeye ameshakwenda."

Mama alimtazama kwanza, kisha akaikunjua juu ya paja lake. Babu alishika mlango wa gari.

"Dawa za moyo," mama akasema. "Za maji mwilini. Hapa: arudi tarehe kumi na moja."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja, imeandikwa wazi."

"Alikufa tarehe tisa."

Mama alisogeza kidole chini. "Kuna mstari mwingine. Akibanwa na pumzi kabla ya hapo, aletwe mara moja, asisubiri." Akainua macho. "Alibanwa na pumzi?"

"Alfajiri ile. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Nikasimamisha lori la mchanga. Tulifika. Akafia mlangoni."

"Mara tu alipobanwa?"

"Hata viatu sikuvaa."

Mama akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani, akamrudishia.

"Basi ulifanya kilichoandikwa."

Kutoka ukumbini Tai alikuwa anaita kwamba karatasi ziko tayari. Babu alibaki ameshika mlango. Akamrudishia mama karatasi.

"Soma tena," akasema. "Ule mstari wa chini. Pole pole."